Swali la Pombe Kwenye Dirisha la Dawa

Mtu akiandikiwa Flagyl hapa Songea, jambo la kwanza analomuuliza muuzaji ni kama anaruhusiwa kunywa bia. Onyo la kutochanganya Flagyl na pombe limeshaenea kutoka Lizaboni hadi Mfaranyaki, kwa wazee na vijana, na wapo wanaoahirisha dozi nzima mpaka harusi ipite. Mtu huyohuyo akinunua diclofenac ya mgongo au Panadol za magoti haulizi chochote. Anameza, na jioni anaketi kilabuni kama kawaida yake.

Sisemi onyo la Flagyl lipuuzwe. Nasema hofu yetu imeenda upande mmoja na kuacha upande wenye vifo. Flagyl na pombe, kwa wanaodhurika, huleta kutapika, uso kuwaka na moyo kwenda mbio, na wapo watafiti wanaotilia shaka kama hayo hutokea mara nyingi kiasi tulichofundishwa. Dawa za maumivu zikikutana na pombe zinaweza kuharibu ini, kutoboa tumbo, kuzima figo, au kumkatia mtu pumzi akiwa usingizini. Tena Flagyl humezwa siku chache ikaisha. Dawa ya maumivu sugu humezwa mwezi baada ya mwezi, na mara nyingi mmezaji ni mtu ambaye pombe pia anainywa mwezi baada ya mwezi.

Madaktari huyaita maumivu sugu yakidumu zaidi ya miezi mitatu. Kwa kipimo hicho mkoa wetu wa Ruvuma una watu wengi sana ambao hawajawahi kujihesabu kuwa wagonjwa. Huu ni mkoa wa mahindi, na sehemu kubwa ya mahindi hayo bado inatoka kwenye jembe la mkono. Kule Mbinga, Wamatengo wamelima kwa mashimo ya ngoro kwenye miteremko ya milima kwa vizazi vingi. Mashimo yale yanahifadhi udongo vizuri ajabu, lakini yanachimbwa na mtu aliyeinama kutwa, na kwa desturi mchimbaji ni mwanamke. Hapa mjini kuna vijana wa bodaboda wenye vyuma miguuni baada ya ajali, kuna wabeba magunia, kuna wagonjwa wa kisukari ambao nyayo zinawaka moto usiku, kuna wenye selimundu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Wetu wamo humo.

Wengi wao hawachanganyi dawa na pombe kwa ujinga. Pombe yenyewe hutuliza maumivu kwa saa chache. Kabla ya dawa za nusu kaputi kugunduliwa, wapasuaji walimpa mgonjwa pombe kali ndipo wakamkata. Aliyelima kutwa na mgongo unaopiga kelele akipata pombe ya komoni jioni, hupata nafuu ya kweli. Lakini mwili huizoea nafuu hiyo haraka. Kiasi cha jana hakitoshi leo, na pombe inapotoka mwilini, mishipa ya fahamu hubaki na wepesi wa kuuma kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mtu anaamka na maumivu makubwa kuliko aliyolala nayo, anaongeza kidonge. Kidonge kikichelewa kufanya kazi, anaongeza glasi. Hapo pombe na dawa zimeshakuwa tiba moja ambayo hakuna daktari aliyeiandika.

Nianze na dawa ambayo kila nyumba inayo. Panadol ni jina la biashara; dawa yenyewe ni paracetamol. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango cha juu ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Sehemu kubwa ya dawa hiyo ini huifunga na kuitoa kwa njia ya mkojo bila taabu. Sehemu ndogo, takribani asilimia 5 hadi 10, hupita njia nyingine: kimeng'enya kinachoitwa CYP2E1 huigeuza kuwa sumu ambayo wanasayansi wanaiita NAPQI. Ini lenye afya lina akiba ya kemikali iitwayo glutathione, na akiba hiyo huikamata sumu mara tu inapozaliwa. Ndiyo maana mamilioni ya watu humeza paracetamol na kuamka salama.

Mnywaji wa kila siku ameharibu hesabu hiyo pande zote mbili. Pombe ya mfululizo huufanya mwili uongeze CYP2E1, kwa sababu kimeng'enya hicho pia husaidia kuichakata pombe, na kikiongezeka sumu inayotokana na paracetamol nayo huongezeka. Wakati huohuo akiba ya glutathione inapungua, kwa pombe yenyewe na kwa kutokula. Mnywaji mzito mara nyingi hali sawasawa. Bakuli la pombe limechukua nafasi ya sahani ya ugali.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata baadhi yetu tunaovaa koti jeupe. Pombe ikiwa bado kwenye damu, inagombea kimeng'enya hichohicho, na kwa saa hizo paracetamol haipati nafasi kubwa ya kugeuzwa sumu. Pombe ikiisha, kimeng'enya kinabaki huru, tena kikiwa kingi kuliko kwa mtu asiyekunywa. Saa mbaya zaidi kwa hiyo ni asubuhi na siku nzima inayofuata. Ni saa hizohizo ambazo mtu ameamka na kichwa kizito, hajala tangu jana mchana, mgongo unamkumbusha shamba, naye anameza vidonge viwili, na kabla ya saa sita anameza viwili vingine. Ule ushauri wa mtaani wa kusema leo nakunywa, dawa nitameza kesho, unamwelekeza mtu palepale penye hatari.

Na ini halitoi taarifa mapema. Siku ya kwanza ya sumu ya paracetamol ni kichefuchefu, kutapika na jasho, na kwa mnywaji nani ataona ajabu? Siku ya pili anaweza kujisikia nafuu kabisa. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano, akili inachanganyikiwa, damu haigandi. Dawa ya kuzuia hayo ipo, inaitwa acetylcysteine, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu mtu azidishe kipimo. Kwa aliyezidisha kidogokidogo wiki nzima, saa 8 hizo zianze kuhesabiwa lini?

Haki itendeke hapa. Mtu mwenye afya anayekula vizuri, akinywa bia moja na kumeza Panadol mbili, hatakufa kwa sababu hiyo, na majaribio ya kitabibu hayajaonyesha kuwa kipimo sahihi cha siku chache kinaharibu ini la mnywaji wa wastani. Hatari inakua pale mambo yanapokutana: pombe ya kila siku, chakula kidogo, na vidonge vinavyozidi kipimo bila mtu kujua. Kuzidisha bila kujua ni rahisi sana. Diclopar, ambayo watu wa hapa wanaipenda mno kwa mgongo, ni diclofenac iliyochanganywa na paracetamol. Ukimeza kidonge chenye miligramu 500 za paracetamol mara tatu kwa siku, umeshapata gramu 1.5. Ukaongeza Panadol mbili mara tatu, hizo ni gramu 3. Jumla ni gramu 4.5, umevuka mpaka, na bado hujagusa dawa ya mafua ambayo mara nyingi nayo ina paracetamol ndani yake. Kwa anayekunywa sana wataalamu wengi hushauri asizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 tu vya 500.

Na "kunywa sana" ni kiasi gani? Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliamuru mwaka 1998 kwamba dawa zote za maumivu zinazouzwa bila cheti ziwe na onyo kwa mtu anayekunywa vinywaji vitatu au zaidi kila siku. Kinywaji kimoja kwa kipimo chao kina gramu 14 za kilevi, kwa hiyo vitatu ni gramu 42. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu zipatazo 20. Chupa mbili za jioni, ambazo hapa Songea hakuna anayeziita ulevi, zinakufikisha karibu kabisa na mstari ambao Wamarekani waliona wauwekee onyo.

Hiyo ni bia ya kiwandani, ambayo angalau chupa yake inasema ina nini. Komoni haisemi. Ulanzi, pombe ya mianzi, haukai mahali pamoja: wa asubuhi ni mtamu, ulioachwa mpaka kesho umekwisha kuwa mkali, na aliyezoea kunywa lita moja ataendelea kunywa lita moja. Gongo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kuitengeneza na kuiuza ni kosa la jinai, na anayeinywa hataki kulitaja jina lake mbele ya daktari. Mtoa huduma akiuliza mgonjwa anakunywa kiasi gani, hata mgonjwa mwaminifu hana jibu la kipimo. Mimi huona ni bora kuuliza siku kuliko lita: wiki iliyopita ulikunywa siku ngapi, na ulikula nini siku hizo? Majibu ya maswali hayo mawili yanasema mengi kuhusu ini.

Ini la Mtanzania, tukumbuke, lina mizigo mingine pia. Homa ya ini aina ya B imeenea katika nchi yetu na wengi wanaishi nayo bila kupima. Sumukuvu ya kwenye mahindi, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, inaharibu ini hilohilo. Mahindi yasiyofaa kwa ugali mara nyingi huishia kwenye pipa la pombe, na kuchachusha hakuondoi sumukuvu yote. Kitabu cha dawa kilichoandikwa London kinamfikiria mgonjwa mwenye ini ambalo halijaguswa na hayo.

Kundi la pili ni diclofenac, ibuprofen, aspirini, meloxicam, indomethacin na ndugu zao. Hizi hutuliza uvimbe kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Bahati mbaya prostaglandini hizohizo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe. Pombe nayo inaukwaruza ukuta huo kwa upande wake. Vikikutana, kidonda hupatikana kwa urahisi na huvuja damu bila hodi. Choo kikiwa cheusi, laini na chenye harufu kali, mfano wa lami, hiyo ni damu iliyopita tumboni, na mtu wa namna hiyo aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna imani moja ambayo ningependa tuizike. Mgonjwa huja akasema, daktari, mimi nina vidonda vya tumbo, vidonge siviwezi, nichome sindano ya maumivu. Naye huchomwa diclofenac na kuondoka akiamini tumbo limepona hatari. Diclofenac haiumizi tumbo kwa sababu tu imepita mdomoni. Inaliumiza kwa sababu ikishaingia kwenye damu inazuia ule ulinzi niliousema, na sindano inaifikisha kwenye damu haraka zaidi. Omeprazole hupunguza hatari, haiifuti. Na aliyechomwa sindano saa 10 jioni akapita kilabuni saa 12 amefanya kilekile alichokuwa anakikimbia.

Figo nazo zimo. Pombe hukojoza na kukausha mwili, na dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mzee wa miaka 65 anayetumia enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha, akaongeza diclofenac kila siku na komoni ya jioni, anaweza kuharibu figo zake asihisi maumivu yoyote. Kusafishwa damu kwa mashine ni gharama ambayo imezifilisi familia zenye uwezo kuliko yake.

Sasa tramadol na morphine. Hapa hatari haisubiri miezi. Dawa za jamii ya afyuni hutuliza maumivu kwenye ubongo, na kwenye shina la ubongo huohuo ndipo pumzi inapoamriwa. Zinaipunguza amri hiyo, na pombe inaipunguza kwa njia yake nyingine. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, walilipima jambo hili kwa watu wenye afya. Kidonge kimoja cha afyuni iitwayo oxycodone, cha miligramu 20, kilipunguza hewa wanayovuta kwa asilimia 28. Walipoongezewa pombe mpaka gramu 1 kwa lita ya damu, upungufu ukafika asilimia 47. Walioacha kupumua kwa vipindi walikuwa wengi zaidi upande wa wazee. Kidonge kilikuwa kimoja tu, na waliokimeza hawakuwa wagonjwa.

Zipo pia dawa za afyuni zinazotengenezwa ziachie dawa taratibu kwa saa 12 au 24. Pombe inaweza kuyeyusha ganda lake na kumwaga dozi ya siku nzima kwa mara moja. Mwaka 2005 dawa ya namna hiyo iitwayo Palladone iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu hiyo, miezi michache baada ya kuanza kuuzwa.

Tramadol ina ubaya wake wa ziada. Iligunduliwa na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani mwaka 1962, ikaanza kuuzwa mwaka 1977, na kwa muda mrefu ilionekana kuwa afyuni ya upole. Lakini inaweza kuleta degedege, na pombe inaiongezea nafasi hiyo, hasa kwa mnywaji mzito aliyekatisha pombe ghafla. Zaidi ya hapo, ini hulazimika kuibadilisha tramadol ndipo ipate nguvu yake kamili, na kasi ya kuibadilisha inategemea urithi wa mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni inayofanya kazi hiyo, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya ya Kaskazini. Mtu wa aina hiyo akimeza kidonge kilekile alichomeza jirani yake, anapata nguvu kubwa kuliko jirani. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, kusema fulani alikunywa na bia na hakupata kitu si ushahidi wa usalama wa mtu mwingine.

Amitriptyline, gabapentin, pregabalin na carbamazepine, ambazo hutolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, zote huongeza usingizi zikikutana na pombe. Dereva wa bodaboda anayezitumia anapaswa kuambiwa hivyo kwa maneno yanayoeleweka.

Lakini sitaki mtu asome hapa akaenda kumnyima mgonjwa wa saratani morphine yake. Tanzania imekuwa na upungufu wa morphine kwa miaka mingi, na mgonjwa wa Songea anayehitaji mionzi ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road husafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam akiwa na maumivu yasiyoelezeka. Uganda iliona mateso ya namna hiyo ikabadili sheria mwaka 2004 ili wauguzi waliofunzwa waweze kuandika morphine, na wagonjwa wa vijijini wakaipata. Morphine ya maji, ikipimwa sawasawa na mtu mwenye akili timamu, ni rehema kubwa. Ninachoomba ni mgonjwa asiinywe na ulanzi, na ndugu anayempimia dozi ya usiku asiwe ametoka kunywa.

Maswali haya yote yaulizwe wapi? Kila anayetibiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Misheni Peramiho anapaswa kuulizwa huko. Lakini watu wengi wenye maumivu sugu hawafiki kwa daktari kila mwezi. Wanafika dukani. Na hapa mkoa huu una historia yake ya kujivunia. Mwaka 2003 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwa kushirikiana na shirika la Management Sciences for Health na kwa fedha za Mfuko wa Bill na Melinda Gates, ilianzisha mpango wa Duka la Dawa Muhimu, na mkoa uliochaguliwa kuanzia ni Ruvuma. Kabla ya hapo tulikuwa na maduka ya dawa baridi. Yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, lakini mengi yaliuza chochote kilichopatikana, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo. Mpango mpya uliwafundisha wauzaji, ukakagua majengo, ukawaruhusu kuuza orodha fupi ya dawa za cheti. Dawa za jamii ya afyuni hazimo kwenye orodha hiyo. Baadaye ulienea nchi nzima, na Uganda na Liberia zikauchukua kwao.

Kwa hiyo duka la dawa la Bombambili, la Namtumbo au la Mbamba Bay ni sehemu ya mfumo wa afya, chini ya Baraza la Famasi na TMDA iliyorithi kazi ya TFDA kwenye dawa, na aliyeko dirishani amefundishwa kutoa ushauri. Nasikitika kwamba kwa dawa za maumivu ushauri huo umedorora. Mteja huomba kwa bei, nipe Diclopar za elfu moja, na hukatiwa vidonge kutoka kwenye karatasi ya dawa na kutiwa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3. Pakiti inabaki dukani. Kile kikaratasi chenye maonyo, ambacho kampuni ililazimishwa kisheria kukiweka, kinabaki ndani ya pakiti. Mteja anaondoka na dawa isiyo na onyo hata moja, na kwenye bahasha yake hakuna hata jina la dawa mara nyingine. Akizidiwa usiku, ndugu zake wataileta hospitali bahasha isiyosema kitu.

Hili linarekebishika kwa gharama ndogo mno. Kila bahasha iandikwe jina la dawa na nguvu yake. Kila duka liwe na muhuri wa wino unaosema kwa Kiswahili kwamba dawa hii haichanganywi na pombe, ugongwe kwenye kila bahasha ya dawa ya maumivu. Baraza la Famasi likiwaagiza wakaguzi wake kuutafuta muhuri huo kama wanavyoutafuta usajili wa duka, utakuwepo. Kabla ya dawa kukatwa, muuzaji aulize: kuna dawa nyingine unatumia? Una vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo? Na huwa unatumia kinywaji?

Swali la mwisho linahitaji heshima. Mzee akisalimiwa shikamoo kwanza, kisha akaulizwa kwa sauti ya chini pasipo na foleni ya watu wanaomsikiliza, atajibu. Akiulizwa kwa ukali, kana kwamba anasutwa, atasema hanywi, na tutampa dawa kwa jibu la uongo tulilolitafuta wenyewe. Kina mama waulizwe vilevile. Huwa tunawaruka kwa kudhani hawanywi, hali wengi wao ndio wapikaji wa pombe na huionja tangu asubuhi, na mwili wa mwanamke hufikia kiwango kikubwa cha kilevi kwenye damu kwa kinywaji kilekile anachokunywa mwanamume. Anayekunywa gongo aambiwe wazi kwamba duka la dawa si kituo cha polisi.

Na baada ya jibu, tusimwambie tu mtu aache. Mgongo bado unauma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unashauri elimu kwa mgonjwa, mazoezi na tiba ya viungo, na unakataza afyuni kutumika kama tiba ya kawaida. Utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2014 ulionyesha kuwa paracetamol haikuharakisha kupona maumivu mapya ya mgongo kuliko kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo wapo watu wanaohatarisha ini kwa ajili ya kidonge ambacho hakiwasaidii. Hao wapelekwe kwa mtaalamu wa viungo, wapewe mazoezi, waelekezwe namna ya kuinua gunia, na anayestahili dawa apewe ile inayofaa, kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Kwa unayesoma hapa na unakunywa kila siku kwa miaka: usiache ghafla ukiwa peke yako. Kutetemeka, kuweweseka na degedege za kukatisha pombe zinaweza kuua. Nenda hospitali, sema ukweli, upunguziwe kwa utaratibu. Na ukimkuta ndugu yako amekunywa na kumeza dawa, anakoroma kwa sauti isiyo yake, haamki ukimtikisa, midomo inabadilika rangi au anapumua kwa nadra, usimwache alale mpaka asubuhi. Mlaze ubavu. Usimnyweshe maziwa wala maji, atapaliwa. Mpelekeni hospitali na bahasha na pakiti zote mlizozikuta, mseme amekunywa nini na tangu saa ngapi, kwa sababu acetylcysteine na naloxone, dawa ya kuzuia nguvu za afyuni, hutolewa kwa kufuata majibu hayo.